Viwango vya elimu, sayansi na siasa: maswali yanayorudi kila siku

Kila matokeo ya mitihani yakitoka, au silabasi ikiguswa tu, maswali ni yaleyale na watu wanarushiana majibu bila kusikilizana. Nimeyakusanya hapa. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: wananchi na wanasiasa wana haki kamili ya kuamua shule ifundishe nini kwanza, kwa masaa mangapi na kwa hela kiasi gani, ila jibu la swali la sayansi hawana mamlaka nalo hata wakiwa wengi vipi. Na kuhusu viwango, mtu akisema vimeshuka au vimepanda mimi namuuliza kwanza kapima kwa kitu gani.

Viwango vimeshuka kweli au ni malalamiko ya wazee tu?

Inategemea unaongelea nini, ndo maana watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha na wote wana data. Kuna kile watoto wanachojua kwa wastani, kuna anachojua mtoto wa juu kabisa, kuna ugumu wa mtihani wenyewe, halafu kuna maksi zinazotakiwa ili upate gredi fulani. Hivyo ni vitu vinne na vinaweza kwenda njia nne tofauti kwa wakati mmoja.

Chukua Marekani na mtihani wao wa SAT wa kuombea chuo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 wastani ukawa unashuka mwaka hadi mwaka, taifa zima likapiga kelele kwamba vijana wameharibika. Likaundwa jopo, likatoa ripoti mwaka 1977, na likakuta kwamba sehemu kubwa ya anguko la mwanzo ilitokana na wafanya mtihani wenyewe kubadilika, yaani zamani walifanya wachache waliochujwa, sasa wakawa wanaingia na watoto wa familia ambazo hazikuwahi hata kuwaza chuo. Mlango ukifunguliwa wastani unashuka hata kama hakuna mtoto hata mmoja anayejua kidogo kuliko kaka yake. Lakini, na hapa ndo wanaotetea vijana huwa wanakaa kimya, jopo hilohilo lilisema anguko la miaka ya 1970 halielezeki kwa sababu hiyo peke yake. Kulikuwa na kushuka kweli.

Halafu mwaka 1995 wenye mtihani wakapanga upya maksi ili wastani urudi karibu na 500, kwenye kipimo kinachoanza 200 na kuishia 800. Kwa hiyo aliyepata 500 mwaka 1990 na aliyepata 500 mwaka 1996 hawako sawa, na ukichora grafu bila kulijua hilo utaona watoto wamepata akili ghafla ndani ya mwaka mmoja. Ukimpima mtoto urefu kila mwaka kwa rula ambayo mtu anaikata kidogo bila kukuambia, huwezi kujua kakua kiasi gani, na mabishano mengi ya viwango yako hapohapo.

Kuna mtihani wa darasa la nane wa mwaka 1895 unazunguka mitandaoni, mgumu balaa, mbona sisi wa leo tungefeli?

Huo wa Salina, Kansas. Ndiyo, wengi wetu tungefeli, kama ambavyo mtoto aliyefanya huo mtihani angefeli ukimpa swali la seli, umeme au asilimia ya uwezekano. Mtihani unapima kilichofundishwa mwaka ule. Uliuliza vipimo vya nafaka, sarufi na historia ya nchi yao, vitu walivyokuwa wanavikariri siku zote.

Ila kinachoniuma kwenye huu mjadala ni kwamba hakuna anayeuliza walikuwa wangapi. Mwaka 1900 Marekani, waliomaliza sekondari walikuwa chini ya mmoja kwa kila kumi. Dunia nzima mwaka 1950 karibu nusu ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika, leo wanaojua ni zaidi ya 85 kwa kila 100. Ukilinganisha wachache wa zamani waliobaki darasani na wote wa leo, unamlinganisha mtu aliyechujwa na mtu ambaye hajachujwa, na hapo hujajibu chochote kuhusu ubora wa mwalimu wala wa mtoto.

Na hizi A zinazoongezeka kila mwaka? Si ni kurahisisha tu?

Mara nyingine ndiyo, mara nyingine hapana, na mara nyingi ni kanuni iliyobadilika kimyakimya. Uingereza ndo mfano mzuri kwa sababu rekodi zao ziko wazi. Kuanzia 1963 gredi za A-level, mtihani wao wa mwisho wa sekondari wa kuombea chuo, zilitolewa kwa mgao, karibu asilimia 10 ya juu wanapata A, 15 wanaofuata B, na kuendelea. Maana yake mwaka ambao watoto wote wamesoma sana, A zilikuwa zilezile, na mwaka ambao wote wamezembea A zilikuwa zilezile pia. Mwaka 1987 wakaacha mgao, gredi ikaanza kutolewa kwa kufikia kiwango. Kuanzia hapo A zikapanda taratibu mpaka mwaka 2010 waliopata A na kuendelea wakawa karibu asilimia 27, ikabidi waongeze gredi nyingine juu ya A ili vyuo viweze kutofautisha watu.

Sasa hapo kuna waliojifunza zaidi, kuna walimu waliojua mtihani unataka nini na kufundisha hichohicho, na kuna wasahihishaji waliolegea kidogo kila mwaka. Vyote vitatu vipo. Anayekuambia ni kimoja tu anakuficha viwili.

Basi si turudishe mgao?

Mgao unakuambia nani kamzidi nani, haukuambii nani anajua. Kwa chuo chenye nafasi 50 na waombaji 5,000 mgao unafaa. Kwa daktari anayekufanyia upasuaji hutaki kujua aliwazidi wangapi, unataka kujua kama anaweza.

Na kuna hatari nyingine ambayo ilionekana mchana kweupe Agosti 2020. Mitihani ilikuwa imefutwa kwa sababu ya korona, walimu Uingereza wakatoa makadirio, mamlaka ya mitihani Ofqual ikayapitisha kwenye programu ya komputa iliyoangalia shule ile ilifanyaje miaka ya nyuma ili gredi zisipae. Karibu asilimia 40 ya makadirio ya walimu yakashushwa. Fikiria mtoto mkali kutoka shule ambayo miaka mitatu nyuma haikutoa hata A moja, komputa ilimuona haiwezekani akawepo. Matokeo yalitoka tarehe 13, vijana wakaingia barabarani, tarehe 17 serikali ikaifuta hiyo hesabu na kurudisha makadirio ya walimu. Kiwango cha taifa kililindwa kwenye makaratasi kwa siku nne, na waliolipia ni watoto binafsi. Mimi hilo silikubali kabisa, kulinda wastani kwa kumnyima mtu mmoja mmoja alichostahili.

PISA ni kitu gani na kwa nini mawaziri wanachapana nayo?

Ni mtihani wa OECD, shirika la nchi ambazo nyingi ni tajiri, kwa vijana wa miaka 15, ulianza mwaka 2000, kwa muda mrefu ukifanyika kila baada ya miaka mitatu, unapima hesabu, kusoma na sayansi. Uzuri wake ni kwamba umetengenezwa ili matokeo ya mwaka huu yalinganishike na ya nyuma, yaani rula haikatwi hovyo. Ubaya wake ni jinsi unavyotumiwa. Watu wanaangalia nafasi kama msimamo wa ligi, nchi ikishuka kutoka ya 9 mpaka ya 14 waziri anatukanwa, kumbe alama zao hazikushuka kabisa, wengine ndo wameingia.

Ujerumani walipoona matokeo ya kwanza mwishoni mwa 2001 walipata mshtuko mkubwa, walijiona wako juu wakajikuta chini ya wastani, na ule mshtuko ukaleta mabadiliko ya kweli. Finland ikawa kinara, watu wakapanda ndege kwenda kujifunza, halafu baada ya 2006 Finland yenyewe ikaanza kushuka. Kwa hiyo wale waliorudi na siri ya Finland mwaka 2008 inabidi watuambie siri hiyohiyo inaelezaje kushuka.

Na awamu ya 2022 haina ubishi: wastani wa nchi za OECD ulishuka karibu pointi 15 kwenye hesabu na karibu 10 kwenye kusoma ukilinganisha na 2018. Kufungwa kwa shule kumechangia, ila baadhi ya nchi zilikuwa zinashuka hata kabla ya korona, kwa hiyo tusiitupie korona mzigo wote.

Zamani tulikariri, leo wanaambiwa waelewe. Kipi bora?

Swali limewekwa vibaya, na naomba nikuoneshe kwa mfano mmoja wa darasani badala ya kuhubiri.

Mtoto anaweza kukuandikia mlingano wa usanisinuru bila kukosea hata herufi, kaboni dayoksaidi na maji, mwanga, glukosi na oksijeni, maksi zote. Sasa mpe hili: mmea umekaa gizani siku mbili, kisha jani lake moja likazibwa nusu kwa foili na mmea ukaachwa juani masaa kadhaa, jani likachumwa, likachemshwa, likatolewa kijani kwa spiriti, likadondoshewa ayodini. Nusu iliyokuwa wazi imekuwa bluu inayokaribia nyeusi, nusu iliyozibwa imebaki na rangi ya ayodini. Kwa nini? Wengi watajibu, mwanga ulifika upande mmoja. Sawa. Sasa muulize kwa nini mmea uliwekwa gizani kwanza. Hapo ndo kalamu zinasimama. Anayejibu kwamba wanga wa zamani lazima uishe kwenye jani, la sivyo nusu zote mbili zingekuwa bluu na tusingejua lolote, huyo ameelewa jaribio ni nini. Mlingano peke yake haukumfikisha huko.

Ila angalia pia, hawezi kujibu kama hajui kwamba ayodini inageuka bluu ikikutana na wanga. Hicho ni kitu cha kukariri, hakuna njia ya kukifikiria ukiwa umekaa tu. Wanaosema watoto wasikariri chochote maana kila kitu kipo kwenye intaneti wanasahau kwamba kufikiri kunahitaji vitu vya kufikiria, na vitu hivyo vinatakiwa viwe kichwani muda uleule unapofikiri.

Siasa inatafuta nini kwenye silabasi? Si wawaachie wataalamu?

Hapana, na hapa huwa napishana na rafiki zangu wa sayansi. Kuamua kwamba mtoto asome fizikia masaa manne na historia mawili, kwamba lugha ya kufundishia iwe ipi, kwamba hela iende maabara badala ya uwanja, hayo siyo maswali ya sayansi. Ni maamuzi ya jamii kuhusu watoto wake na hela yake, na kwenye maamuzi ya jamii mwanasayansi ana kura moja kama mimi na wewe.

Tatizo linaanza siasa inapotaka kuamua jibu. Mwaka 1897 bunge la jimbo la Indiana, Marekani, lilipelekewa muswada uliotokana na hesabu za daktari mmoja aliyeamini ametatua fumbo la duara, na ndani yake thamani ya pai ilikuwa imekosewa. Baraza la wawakilishi wakaupitisha kura 67 kwa sifuri. Bahati profesa mmoja wa hisabati wa chuo kikuu cha Purdue alikuwepo jengoni kwa shughuli nyingine, akaongea na maseneta, muswada ukawekwa pembeni. Wangeupitisha, magurudumu yote ya Indiana yangebaki na mzingo uleule.

Huo haukuua mtu. Wa Urusi ya Kisovieti uliua. Trofim Lysenko, mtu wa kilimo, alikataa jenetiki, yaani sayansi ya urithi, na kudai unaweza kuizoeza mbegu ikabadilika tabia na kurithisha, Stalin akampenda kwa sababu alikuwa anaahidi mavuno ya haraka na alikuwa anaongea lugha ya chama. Nikolai Vavilov, mtu aliyezunguka dunia kukusanya mbegu ili watu wasife njaa, alikamatwa 1940 na kufia gerezani Saratov mwaka 1943, amedhoofika kwa njaa. Agosti 1948 jenetiki ikapigwa marufuku rasmi, ikaondolewa vyuoni na kwenye vitabu vya shule, na haikurudi vizuri mpaka katikati ya miaka ya 1960. Kizazi kizima cha wanafunzi wa biolojia kilifundishwa uongo kwa amri, na mmea haukujali amri.

Lakini kama wazazi wengi hawataki evolusheni, yaani kwamba viumbe hubadilika vizazi kwa vizazi, ifundishwe, demokrasia si inasema wasikilizwe?

Wasikilizwe, ndiyo. Wana haki ya kujua kinafundishwa nini, kumlea mtoto kwa imani yao, kumwambia nyumbani sisi tunaamini hivi. Kile wasichoweza ni kumtaka mwalimu wa biolojia aseme ushahidi haupo wakati upo.

Hii kesi ni ya zamani. Tennessee 1925 mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na viumbe vya awali, akapigwa faini ya dola 100, ikaja kufutwa baadaye kwa kosa la utaratibu, na sheria yenyewe ikaondolewa 1967. Mwaka 2005 huko Dover, Pennsylvania, bodi ya shule ilitaka wanafunzi waelekezwe kwenye wazo la mbunifu mwenye akili, yaani kwamba viumbe vilibuniwa na akili fulani, kama njia nyingine ya sayansi, wazazi wakaenda mahakamani, na jaji John E. Jones, aliyeteuliwa na rais wa chama cha kihafidhina cha Republican, akasikiliza wataalamu wa pande zote kwa wiki kadhaa na kuhukumu kwamba hiyo si sayansi. Kumbuka ni wazazi ndo walioshtaki. Watu wanaongea kana kwamba wazazi wote wako upande mmoja.

Na siyo Marekani tu. Uturuki ilitangaza mwaka 2017 kuiondoa kwenye silabasi ya sekondari, na India mwaka 2023 ikaitoa kwenye kitabu cha sayansi cha darasa la kumi kwa maelezo ya kupunguza mzigo, ikabaki madarasa ya juu kwa wanaochagua biolojia. Kupunguza mzigo ni sababu halali kabisa, kila silabasi imejaa kupita kiasi. Ila wengi wanaishia darasa la kumi au wanachagua masomo mengine, kwa hiyo kukitoa hapo ni kuamua raia wengi hawatakisikia darasani maisha yao yote.

Sayansi yenyewe inabadilika kila siku, leo hivi kesho vile, kwa nini tuiamini?

Hili nalipenda kuliko yote maana anayeuliza mara nyingi anauliza kwa dhati.

Mwaka 1923 mtafiti anayeheshimika alihesabu kromosomu za binadamu kwa hadubini akapata 48. Vitabu vya shule vikaandika 48, mitihani ikauliza, jibu sahihi likawa 48 kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan huko Sweden, kwa mbinu bora za kutawanya kromosomu zisilaliane, wakahesabu 46. Tangu hapo ni 46, na mtu yeyote mwenye maabara anaweza kuhesabu tena. Mwanafunzi aliyeandika 46 kwenye mtihani wa 1950 alikosa maksi na alikuwa sahihi, na hilo linatakiwa kumnyenyekeza kila mwalimu na kila mtunga mtihani.

Au Alfred Wegener, mwaka 1912 alisema mabara yanasogea, wakamkataa, amekufa Greenland 1930 bila kukubaliwa. Na walikuwa na sababu, hakuweza kueleza nguvu gani inasukuma bara. Miaka ya 1960 vipimo vya sakafu ya bahari vikaonesha sakafu inazaliwa na kutanuka, ndani ya miaka michache karibu wote wakageuka.

Sasa angalia nani alirekebisha. Si bunge, si mwandishi wa gazeti, ni watu wa fani ileile wakiwa na kipimo bora zaidi. Na angalia nini hakikubadilika, hakuna aliyehesabu kromosomu akapata 12. Kuna tofauti kubwa kati ya kitu kilichopimwa na maelfu ya watu kwa miaka 150 na kitu cha utafiti mmoja wa juzi. Shule nyingi hazifundishi hiyo tofauti, zinaweka vyote kwenye ukurasa mmoja kwa sauti moja, halafu kimoja kikirekebishwa watu wanaona vyote vimeanguka. Pluto kuondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006 ni mfano: kilichobadilika ni kikapu tulichoiweka, yenyewe iko kulekule inazunguka jua, lakini kuna watu mpaka leo wanaitumia kama ushahidi kwamba wanasayansi wanabahatisha.

Kwa hiyo mtu wa dini hawezi kuwa mwanasayansi?

Anaweza. Gregor Mendel aliyeanzisha jenetiki alikuwa mtawa. Georges Lemaître, mmoja wa wa kwanza kusema ulimwengu unatanuka na ulikuwa na mwanzo, alikuwa padri wa Kikatoliki.

Mabadiliko ya tabianchi ni sayansi au siasa za vyama?

Vyote, ila kwenye ngazi tofauti. Kwamba hewa ya ukaa inashika joto Eunice Foote alionesha 1856 kwa mitungi ya kioo na vipimajoto, John Tyndall akapima vizuri zaidi miaka michache baadaye, Svante Arrhenius akakokotoa 1896 kwamba ikiongezeka dunia itapata joto. Vyama vingi vinavyogombana leo havikuwepo. Charles Keeling akaanza kuipima hewani kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama sehemu 315 kwa kila milioni, sasa imepita 420. Hiyo ni sayansi na mwalimu aifundishe bila kuomba radhi.

Nani apunguze, nani alipe, kodi au marufuku, nyuklia au jua, hiyo ni siasa halali na watu wenye akili timamu wanatofautiana. Mwalimu anayefundisha sera moja kana kwamba imetoka kwenye kipimajoto anakosea vilevile kama yule anayeficha kipimajoto. Nimeona makosa yote mawili na yote yanamharibia mtoto imani kwa somo.

Sayansi inaweza kutuambia namna nzuri ya kufundisha?

Kwa baadhi ya mambo ndiyo, na inasikitisha jinsi tunavyochelewa kuisikiliza. Kwa lugha kama Kiingereza watu walibishana miongo kadhaa kama mtoto afundishwe sauti za herufi hatua kwa hatua au azamishwe kwenye hadithi abahatishe maneno kwa picha na muktadha, na ubishi ukawa wa kisiasa, wahafidhina huku waliberali kule. Jopo la taifa Marekani likapitia tafiti na kusema mwaka 2000 kwamba kufundisha sauti kwa utaratibu kunasaidia. Mississippi, jimbo lililokuwa likichekwa, lilitunga sheria mwaka 2013, likafundisha walimu upya, likaweka makocha mashuleni, na kufikia 2019 watoto wao wa darasa la nne walikuwa wamefika wastani wa taifa kwenye kusoma. Wapo wanaosema kuwarudisha darasa watoto wasiosoma vizuri kumechangia hayo matokeo na hoja yao inastahili kujibiwa.

Kwa upande mwingine lile wazo la kwamba kila mtoto ana mtindo wake, huyu wa kuona, huyu wa kusikia, huyu wa kushika, na lazima afundishwe kwa mtindo wake, wanasaikolojia walilipitia 2008 na hawakukuta ushahidi wa kutosha. Bado linafundishwa kwenye semina za walimu.

Tukiweka mitihani mingi na kuwabana walimu kwa matokeo, si viwango vitapanda?

Maksi zitapanda. Marekani ilijaribu, sheria iliyosainiwa Januari 2002 ilitaka kila mtoto, yaani asilimia 100, awe amefikia kiwango cha hesabu na kusoma ifikapo 2014. Kila jimbo likaruhusiwa kujiwekea kiwango chake, sasa wewe mwenyewe jaza kilichofuata kwa baadhi ya majimbo. Atlanta uchunguzi wa 2011 ulitaja walimu na wakuu wa shule 178 kwa kufuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi, na mwaka 2015 kumi na mmoja wakatiwa hatiani. Watoto ambao makaratasi yao yalisahihishwa usiku walionekana wanajua, kwa hiyo hawakupewa msaada waliouhitaji. Hao ndo wanaoniuma.

Mtihani ubaki, bila mtihani hatujui kitu. Ila ule wa kupima taifa uwe wa sampuli, yaani wafanye baadhi tu ya watoto, na matokeo yasihusishwe na jina la mwalimu yeyote, ndo utakuambia ukweli.

Na akili mnemba? Insha zote si zinaandikwa na komputa sasa?

Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa Novemba 2022, insha ya nyumbani haipimi tena kile ilichokuwa inapima. Programu za kunasa insha za komputa zinakosea na zimewasingizia watoto waliojiandikia wenyewe, kwa hiyo usimfukuze mtu kwa kutegemea hizo. Aandike darasani, au aje aeleze alichoandika kwa mdomo, dakika tano zinatosha.

Mwalimu aseme msimamo wake wa kisiasa darasani?

Ujerumani, nchi iliyoona shule zikigeuzwa mashine ya propaganda, walikaa mji wa Beutelsbach mwaka 1976 na kukubaliana mambo ambayo mpaka leo sijaona yaliyo bora zaidi. Mwalimu asimzidi nguvu mwanafunzi akamnyima nafasi ya kufikia uamuzi wake. Kinachobishaniwa kwenye sayansi na siasa kifundishwe kama kinachobishaniwa. Na mwanafunzi awezeshwe kuchambua hali yake na maslahi yake.

Hilo la pili linakata pande zote mbili. Kisichobishaniwa na wenye ushahidi kisifundishwe kana kwamba kinabishaniwa, eti kwa ajili ya usawa. Kuhusu msimamo wake binafsi, akiulizwa anaweza kusema, mradi aliyempinga apate maksi zilezile kwa hoja nzuri.

Silabasi yetu inabadilishwa na wanaomba maoni, niulize nini?

Wengi wanaenda na topiki moja iliyowaudhi. Nenda na swali la walimu. Baada ya Wasovieti kurusha Sputnik, satelaiti ya kwanza, Oktoba 4, 1957, Marekani ilishtuka, mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kumwaga hela kwenye sayansi na hisabati, na miaka ya 1960 ikaja hisabati mpya, watoto wadogo wanafundishwa seti na kuhesabu kwa mifumo isiyo ya kumi. Waliobuni walikuwa wanahisabati wazuri kweli. Walimu wengi hawakuandaliwa, wazazi wakashindwa kusaidia kazi za nyumbani, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 imeachwa. Kwa hiyo uliza walimu watafunzwa lini na kwa siku ngapi kabla ya siku ya kwanza, vitabu vitafika mwezi gani, nini kinatolewa ili hiki kipya kipate nafasi, mtihani wa kwanza utabadilika pamoja na silabasi au utabaki ule wa zamani, na nani atapima baada ya miaka mitano kama imefanya kazi, na huyo anayepima asiwe yuleyule aliyeibuni.